Mtihani Nilionyimwa

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa figo zangu zote mbili, kwamba mkimbizi anayeitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa Marekani huingizwa chumba kisicho na dirisha, akakalishwa mbele ya afisa mwenye kengele, na kuulizwa historia ya Marekani. Si historia yote, maana hiyo ni ndefu. Ni ile ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, tangu magari yalipoanza kuuzwa kama njugu hadi watu walipopanga foleni ya supu. Ukijibu sawa, kengele inalia, droo inafunguka, na tiketi ya ndege imo, jina lako limeshaandikwa. Ukikosea mara tatu unaambiwa asante, na mlinzi anakusindikiza hadi getini amekushika kiwiko, taratibu, kama bibi harusi. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Pretoria, tuliambiwa, aliyejibu yote barabara, akaja kuteleza kwenye swali la mwisho: soko la hisa la New York lilianguka siku gani ya juma? Alisema Jumapili. Mpaka leo yuko Pretoria, anauza soksi. Habari hizi nilizipata kwa Papa Shukuru, kinyozi Mkongo aliyekuwa na saluni Yeoville, na mtu aliyekushikia wembe shingoni humwambii kwamba anatia chumvi.

Papa Shukuru amefariki mwezi uliopita, ndiyo maana nimeshika kalamu. Matanga tulikaa kwa dada yake, Bertrams, nyumba iliyo jirani na uwanja wa michezo kiasi kwamba siku ya mechi huhitaji redio, paa lenyewe linakutangazia matokeo. Nilikuwa uani nimekalia kreti la soda, nasimulia ile hadithi yangu inayochekesha watu kila msiba, nikaona mwanamke mwenye koti la kijani anaingia, viatu vyake vinasema kabla yake kwamba vimetoka mbali. Alikuwa Riziki. Sikuwa nimemwona tangu siku aliyopanda ndege. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Feruzi, uko ule ule. Tumbo tu ndilo limepata makaratasi ya kukaa." Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, kwa sababu kicheko ndicho chombo nilichonacho cha kushikilia moyo wangu usianguke. Kisha nikaukumbuka mwaka ule wote wa kungoja mahojiano kwa mkupuo mmoja, na nikasikia hasira ya mwaka huo, ile ile, mbichi, kama sufuria iliyosahaulika jikoni ambayo bado ina moto.

Ya nyumbani, yaani kabla ya Johannesburg, nayaruka. Nayaruka siku zote. Wateja wangu (nauza nywele za bandia na mafuta ya nywele, kwa jumla na rejareja, karibu) wakiniuliza nawaambia kwamba nilizaliwa stendi ya mabasi nikiwa na miaka kumi na tisa, nimevaa viatu vyangu na begi mgongoni. Basi tuanzie hapo. Fleti yetu ya Yeoville ilikuwa na chumba kimoja cha kulala kwa hesabu ya mwenye nyumba. Kwa hesabu yetu ilikuwa na vyumba vitano, maana pazia nalo ni ukuta ukiliheshimu. Mimi nilikuwa na roshani iliyozibwa kwa mbao, na Julai ya mji huu baridi iliingia humo bila hodi. Wallahi nilikuwa nikipiga chafya inadondoka sakafuni na kuvunjika. Riziki, binti wa Uvira aliyesuka nywele upande wa wanawake katika saluni ya Papa Shukuru, alikuwa na kona iliyopakana na jiko. Kati ya kona yake na roshani yangu palikuwa na pazia moja lenye maua ya zambarau. Alipika kwa ajili ya fleti nzima, bugari, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa wa kwao, ndagala, alizonunua sokoni akiwakaripia wauzaji kwa lugha nne, na sote tulikula kutoka sinia moja tukiwa tumekunja magoti. Mimi na yeye hatukuwahi kusemezana neno la mapenzi hata moja. Lakini alinisukumia vichwa vya samaki upande wangu bila kutazama, na mtu mwenye akili anajua maana ya hilo. Tulikuwa sote kwenye orodha ya kuhojiwa. Katika kichwa changu tulikuwa tumeshafika, tumeshapata nyumba mbili zinazotazamana, na theluji katikati.

Shule ya jioni ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Bertrams hiyo hiyo. Mwalimu wa historia alikuwa Madam Nekesa, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya juu huko Braamfontein na kutufundisha sisi kwa huruma na kwa nauli. Wiki ya kwanza alifungua kitabu cha serikali ya Afrika Kusini, darasa la kumi na moja, akasema mada yetu ni uchumi wa Marekani, mwanzo wa karne ya ishirini. Nilihisi nywele zinasimama. Tumekaa Afrika, mkoa wa dhahabu, nchi imejaa historia yake yenyewe mpaka inamwagika, halafu tunasomeshwa Marekani? Kwa nini? Nilipeleka swali hilo saluni kesho yake, na Papa Shukuru aliacha kunyoa mteja akiwa nusu upara. "Mon cher, mpendwa," akasema, "hufikiri? Wamarekani ndio wanalipia hicho kitabu. Wanatuchuja. Ukiulizwa kule ndani, unaulizwa kilicho humu." Papa Shukuru mwenyewe alishahojiwa zamani, akakataliwa, na jambo hilo lilimpa heshima kubwa, ni nani anayejua mlango kuliko aliyegongwa nao usoni? Siku ile ile uvumi ukavuka barabara, ukaingia kwa fundi cherehani, na kabla roboti ya kona, ndivyo tuitavyo taa za barabarani hapa, haijawa kijani Yeoville nzima ilikuwa inauliza nani alitengeneza gari la bei nafuu.

Basi nikasoma. Sijawahi kusoma vile, na sitasoma tena, madaktari wangu hawataki. Majina ya wale watu yalitushinda ulimi, tukawapa ya kwetu. Yule wa magari yaliyounganishwa kwenye mkanda unaotembea, kila mfanyakazi na bolti yake, yote meusi, tulimwita Bwana Mkanda. Rais aliyengoja uchumi ujiponye wenyewe, hadi waliopoteza nyumba wakajenga vibanda vya mabati na kuviita kwa jina lake, alikuwa Rais Subiri, na sisi tuliokuwa tukipita kando ya vibanda vya namna hiyo kila Jumamosi tulimchukia kama jirani. Aliyemfuata, aliyepooza miguu na kuingia nyumba za watu kwa sauti ya redio, akawapa vijana kazi ya kupanda miti na kujenga mabwawa, tulimwita Rais Redio, na fundi cherehani mmoja alimtundika mwanawe jina hilo, mtoto anaitwa Redio mpaka leo. Pombe ilipopigwa marufuku kule, darasa zima lilielewa bila kufundishwa, maana chini ya fleti yetu palikuwa na mama aliyeuza bia bila kibali, na polisi walikuwa wateja wake wazuri. Riziki alikuja darasani akasinzia. Alisimama kutwa nzima akisuka, na Marekani ikianza tu, kichwa chake kilishuka. Aliamka mara moja tu, siku Madam alipoeleza jinsi watu weusi wa kusini mwa nchi ile walivyofungasha wakapanda treni kwenda kaskazini kutafuta kazi viwandani na kukimbia waliowanyonga ndugu zao. Riziki akainua mkono. "Madam, na waliobaki nyuma?" Madam Nekesa akapekua kitabu mbele, nyuma. "Hakisemi sana, dada yangu." Riziki akalala tena.

Kilichonitesa mwaka ule ni kwamba hakuna mtu aliyenipa jibu lililonyooka. Nilimfuata Madam Nekesa hadi kituo cha basi. Nikamwambia, "Madam, naomba uniambie ukweli. Wale wa mahojiano wanauliza mpaka sura ya ngapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Mahojiano gani? Feruzi, mimi nafundisha mtihani wa serikali ya hapa. Wacha mchezo, usome." Nilirudi saluni nikasema amekataa. Papa Shukuru akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Unaona? Amekatazwa kusema." Nilikwenda Pretoria kuongeza muda wa makaratasi, nikapanga foleni iliyoanza, nadhani, Zimbabwe, na nilipofika dirishani yule dada akasema, "Mtambo umelala, bhuti, kaka yangu. Njoo kesho." Kesho mtambo ulikuwa bado una usingizi. Umeme ulikatwa kwa zamu, na zamu yetu iliangukia saa za darasa kana kwamba aliyepanga ratiba alikuwa na kinyongo na Bwana Mkanda. Na simu! Tuliambiwa simu ya mahojiano hutoka kwenye namba iliyofichwa. Kila namba iliyofichwa ilipolia niliruka, nikajikwaa kwenye pazia, nikajibu kwa Kiingereza cha kanisani, na kila mara alikuwa binti wa bima ya mazishi akitaka kujua kama nimefikiria juu ya jeneza langu. Mwaka mzima, nchi hii ilinitaka nikiwa maiti tu.

Jioni moja ya Agosti, upepo wa vumbi unapiga madirisha, tulibaki wawili kwenye sinia. Riziki alikuwa anamenya kitunguu cha kesho. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Feruzi, nyinyi mlitokaje nyumbani?" Nilimeza tonge. Nikamwambia, "Unajua Bwana Mkanda alipandisha mishahara ili wafanyakazi wake wanunue magari yale yale wanayoyatengeneza? Akili hiyo!" Akaendelea kumenya. "Mlikuwa wangapi?" Nikamwambia kuhusu soko la hisa, watu walivyonunua karatasi kwa mkopo, na kwamba lilianguka Alhamisi kisha likaanguka vizuri zaidi Jumanne, kwa hiyo ukiulizwa uwe mwangalifu. "Sawa," akasema. Akachukua kisu na vitunguu vyake akaenda nyuma ya pazia. Nilimsikia baadaye akizungumza peke yake, sauti ya chini, majina ya watu, na mto, na siku ya soko, anafika mahali anakwama, anaanza upya. Nikadhani anasali. Nikapandisha sauti ya kusoma kwangu ili nisimsikilize, maana kumsikiliza mtu na Mungu wake ni utovu wa adabu.

Simu ilikuja Oktoba, miti ya jakaranda imemwaga maua mitaani, na tuliitwa siku moja, mimi kwanza, yeye baada yangu. Papa Shukuru alininyoa bure, akaninong'oneza, "Jumapili usiseme." Ofisi ilikuwa na dirisha. Hilo lilinishangaza. Afisa alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe na sauti ya nesi, na kando yake mkalimani, mama wa Kitanzania aliyejitanda mtandio wa bluu. Nilichungulia chini ya meza kutafuta kengele. Niliona miguu tu. Mkalimani akasema, "Mwanangu, tuanze nyumbani. Siku mliyoondoka, ilikuwaje?" Nikajua hii ni ya kupasha moto, kama wachezaji wanavyoruka ruka kabla ya mechi. Sikutaka kujichosha. "Kulikuwa na vurugu," nikasema. "Tukaondoka." Mliondoka nani na nani? "Watu." Watu gani? "Wa nyumbani." Wako wapi sasa? "Njia ilikuwa ndefu." Afisa akasogeza boksi la tishu upande wangu. Nikadhani ni mtego, nikalirudisha upande wake kwa heshima. Mkalimani akainama kidogo mbele, na sauti yake haikuwa tena ya kazi. "Mwanangu, chukua muda wako." Nikasema sina shida, mama, tuendelee. Afisa akauliza kama kuna jambo lolote ningependa kuongeza. Nikaona sasa ndiyo mlango unafunguka, nikakaa wima. "Soko lilianguka Alhamisi," nikasema, "na tena Jumanne." Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Afisa akaniangalia kwa macho ya mtu anayeangalia nyumba inayoungua upande wa pili wa mto. Kisha akasimama, akanipa mkono. "Amesema asante," mkalimani akasema. "Tumemaliza."

Tumemaliza nini? Nilikaa kwenye korido nikifura kama andazi. Hawajaniuliza hata gari moja! Riziki akaingia, na nilisikia mlango ukifungwa, na haukufunguka tena hadi watu wa ofisi walipotoka kwenda kula na kurudi na vijiti vya meno midomoni. Alipotoka, macho yake yalikuwa yamevimba, na mkononi alikuwa amekunja tishu hadi zimekuwa kama jiwe. Nikamhurumia. Nikajua wamembana, na yeye alisinzia darasani. "Usijali," nikamwambia, "hata mimi huwachanganya wale matajiri, wa mafuta na wa chuma." Mkalimani alikuwa amesimama pale nyuma ya Riziki na alishatuonya kwamba ya ndani yanabaki ndani. "Feruzi," Riziki akasema, "twende nyumbani." Jioni ile hakupika. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jibu langu lilikuja kwa namba iliyofichwa, na safari hii hakuwa binti wa bima. Sauti ilisema maelezo yangu hayakutosha. Nikacheka kwa uchungu: yatatosha vipi wakati hamkuniuliza? Riziki alipita. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nimebeba begi lake, na njia nzima niliongea mimi, nikimpa historia ya mwisho mwisho, mabwawa na miti ya Rais Redio, asije akaaibika huko. Aliniuliza mara moja tu kama nitakuwa sawa. Nikamwambia sharp, sharp, yaani salama kabisa. Niliporudi, ndipo nilipogundua kwamba hakuna tena mtu wa kunisukumia vichwa vya samaki. Mwezi uliofuata nilifanya ule mtihani mwingine, wa serikali, ambao sikuutaka, nikapata alama ya juu kuliko darasa zima. Nasema kuliko mkoa, na asiyeamini na aende akaulize. Madam Nekesa alilia, au alikuwa na mafua. Cheti hicho kimetundikwa dukani juu ya mafuta ya nywele. Na kuanzia mwaka ule, kila msiba, kila arusi, nimesimulia kwamba mimi ndiye mkimbizi pekee duniani aliyesomea Marekani hadi macho yakaingia ndani, halafu akanyimwa mtihani. Watu huanguka kwa kicheko. Papa Shukuru alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi, kisha ananyamaza kabla ya wengine, anarudi kwenye kunyoa.

Hadithi hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni pale uani, Bertrams, Riziki alipoingia. Niliimaliza kwa heshima yake, na tishu, na kengele, na miguu chini ya meza. Watu walicheka vizuri kwa matanga. Riziki hakucheka. Alivua koti lake la kijani, akalitundika kwenye mlango, akaketi mbele ya beseni la vyombo kama vile hakuwahi kuondoka, akaanza kuosha masinia. Nikaenda kusuuza. Maji yalikuwa ya baridi.

"Walikuuliza nini hasa?" akasema.

"Nimeshasema. Hawakuuliza kitu. Tulitokaje, na nani, nani yuko wapi. Ya kupasha moto."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna! Si ndiyo nasema? Walininyima."

Alisugua sinia moja muda mrefu, ingawa lilishakuwa safi. "Mimi nilikuuliza hayo hayo," akasema, "pale kwenye bugari, ile siku ya vumbi. Nilitaka uanze kwangu, ili kule usianguke. Ukaniambia habari za magari."

Nilifungua mdomo kutafuta kichekesho. Siku zote kuna kimoja kimekaa karibu na meno. Sikukipata. Ndani ya nyumba walikuwa wameanza kuimba, na dada wa marehemu alikuwa akiwaita wenye njaa waje. Riziki akaweka sinia chini, akanigeukia, mikono yake inachuruzika maji, akaniambia taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia:

"Kaka yangu, hakuna baada ya hapo. Hayo ndiyo yalikuwa maswali. Habari za magari hakuna aliyewahi kuulizwa. Walitaka kujua yaliyokupata wewe."